Mdogo wangu anasema majivu yametoa haidrojeni: naomba ushauri wa kumwelewesha

Mlezi wa Ujiji
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninaishi na mdogo wangu wa kidato cha pili hapa Ujiji, Kigoma. Amekariri kwamba asidi ikikutana na metali hutokea chumvi na gesi ya haidrojeni, lakini alipotumbukiza waya wa shaba katika maji ya ndimu hakuona chochote, na alipotia majivu ya jikoni katika maji hayo hayo povu likafurika, naye akaandika daftarini kuwa majivu yametoa haidrojeni. Sasa anataka maji ya betri ya pikipiki ili jaribio likolee. Nimweleze nini?

Fundi Maabara
Ndugu, kwanza mnyime hayo maji ya betri. Ni asidi salfuriki, inaunguza ngozi na kutoboa nguo, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Isitoshe, haitamsaidia kitu, kwa sababu tatizo halikuwa udhaifu wa ndimu bali ni shaba yenyewe. Metali hupangwa kwa wepesi wake wa kuungana na vitu vingine: potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, alumini, zinki, chuma, risasi, kisha haidrojeni, na chini yake shaba, fedha na dhahabu. Iliyo juu ya haidrojeni inaweza kuiondoa katika asidi na kuchukua nafasi yake. Iliyo chini haiwezi. Badala ya waya atumie msumari wa bati, ule uliopakwa zinki, katika siki au ndimu, kisha asubiri kwa subira, maana asidi hizo ni dhaifu na viputo huja polepole. Maabara ya shule ikiwa na asidi haidrokloriki, ataona kwa haraka mlingano huu: Zn + 2HCl → ZnCl₂ + H₂.

Majivu ni habari nyingine kabisa. Ndani yake mna kaboneti za potasiamu na kalsiamu, na kaboneti ikikutana na asidi hutoa chumvi, maji na kaboni dayoksaidi. Ganda la yai litampa povu la namna hiyo hiyo. Asibishane na daftari, aipime gesi: kaboni dayoksaidi huzima kijiti kinachowaka na kuyafanya maji ya chokaa yawe meupe kama tui, ilhali haidrojeni huwaka kwa mlio mfupi mkali.

Mama Mise
Mwanangu, mimi natengeneza sabuni ya mawese na mise (mafuta ya kokwa za mchikichi), nami nina swali langu hapo hapo. Kostiki si asidi, ni besi kali, yaani kinyume cha asidi, lakini tunakatazana kuikorogea katika sufuria ya alumini kwa sababu inachemka na kuitoboa. Hiyo nayo ni gesi gani?

Fundi Maabara
Ni haidrojeni, mama, na umenikumbusha jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita. Alumini hufunikwa na utando mwembamba wa oksidi unaoikinga. Kostiki, yaani sodiamu haidroksaidi, huuyeyusha utando huo, kisha alumini iliyobaki wazi humenyuka na kutoa haidrojeni na joto jingi. Zinki nayo humenyuka na besi kali, chuma hakifanyi hivyo kwa urahisi. Kwa hiyo kanuni aliyoikariri kijana haijakamilika: haidrojeni haitoki kwa asidi tu. Ila kostiki asiiguse nyumbani.

Mstaafu wa Reli
Akitaka kujua kipi ni asidi na kipi ni besi, achemshe rozela: maji yake ni mekundu katika ndimu na hugeuka kuwa ya kijani katika maji ya majivu. Ajaribu pia maji ya ziwa letu la Tanganyika, ambayo pH yake (kipimo cha uasidi na ubesi, ambapo 7 ni katikati na zaidi ya hapo ni besi) inakaribia 9.

Mlezi wa Ujiji
Nashukuruni sana. Maji ya chokaa nitayapataje?

Fundi Maabara
Koroga chokaa iliyozimwa katika maji, acha itulie usiku kucha, kisha mimina taratibu yale maji maangavu ya juu na uyafunike, kwa kuwa kaboni dayoksaidi ya hewani itayatia weupe kabla hamjaanza.