Tupeane uzoefu: unafanyaje kazi na mwenzako ambaye namna yake ya kuongea si yako?

Mleta mada, Upper Hill
Habari zenu ndugu na dada. Leo naomba tusaidiane kwa jambo linaloumiza wengi kazini kimyakimya: namna tunavyoongeleshana. Ofisini kwetu yuko mhasibu aliyelelewa Lamu, ambaye hawezi kukudai risiti kabla hajakuuliza mama ameamkaje. Kando yake ameketi kijana wa mtaa wa Umoja, hapa Nairobi, anayetuma neno moja tu: "Ripoti?" Mhasibu alimwona kijana hana adabu, kijana akamwona mhasibu anamchelewesha. Wote wawili ni wachapakazi, na iliniuma kuona wanakwepana.

Mimi ndiye msimamizi wao. Nilimwomba kila mmoja aniambie mambo ya haraka angependa kuyapata vipi, na akikosea angependa aambiwe wapi. Mhasibu akasema apigiwe simu, maana kwenye simu hata salamu fupi ina nafasi yake. Kijana akasema aandikiwe, kwa sababu mambo ya kuambiwa kwa mdomo humtoka upesi. Tukaafikiana hivyo, na hesabu za mwisho wa mwezi sasa zinafika kwa wakati. Ninyi wenzangu mnafanyaje? Hasa mlio chini ya wakubwa wagumu.

Muuguzi, zamu ya usiku
Wadini hakuna nafasi ya kuzunguka mbuyu. Tulikuwa na daktari ambaye ukimpigia usiku wa manane anajibu "Nini?" na kunyamaza. Wauguzi wageni walianza kwa kuomba radhi, wakaeleza historia ndefu, na jambo lenyewe, kwamba mama anavuja damu, likaja mwisho kabisa. Dada mkuu wa zamu akatufundisha mpangilio unaotumika hospitali nyingi duniani: hali ilivyo sasa hivi, historia kwa ufupi, wewe unaionaje, na unataka kifanyike nini. "Daktari, mama wa kitanda cha dirishani anatoka damu nyingi, amejifungua jioni hii, presha inashuka, naona tunampoteza. Naomba uje sasa." Akikuagiza dawa kwa simu, unaandika, unamsomea jina la dawa na kiasi chake, naye anathibitisha.

Ninachokipenda ni kwamba mpole na mkali wote wanapita njia moja. Msichana aliyetoka chuoni juzi anasikilizwa sawa na mimi mzee wa wadi. Mpangilio huo ni wa mgonjwa, lakini. Tukikaa kunywa chai tunaulizana habari za watoto mpaka ziishe.

Mtu wa mjengo, Kilimani
Huku kwetu nyapara akipaza sauti usimchukulie vibaya, mashine ya zege haimpi nafasi. Ila kuna fundi wa chuma ambaye akifokewa mbele ya vibarua anaganda, na siku nzima mkono haumtii. Nyapara aliyekuja mwaka huu humvuta kando na kumwonyesha kwa mkono. Imetosha. Sasa nguzo zote anafunga yeye.

Mfanyakazi, Westlands
Nina neno tofauti kidogo. Mbona kila mara ni sisi wadogo tunaoambiwa "mzoee tu"? Bosi wangu wa sasa ni Mholanzi. Kazi ikiwa mbaya anasema ni mbaya, saa hiyo hiyo, na baada ya hapo hana kinyongo. Mwanzoni iliniumiza, sasa naiheshimu. Niliyekuwa naye kabla alikuwa anaitikia "sawa, tutaona" mwaka mzima, halafu kwenye tathmini unakuta alama za chini na hujui zilikotoka. Mimi nachagua ukweli wa usoni.

Lakini mkubwa kumtukana mtu kwenye kikundi cha WhatsApp cha ofisi, usiku, wenzake wote wakisoma, tusiseme eti ndivyo anavyowasiliana. Huo ni uonevu, na hakuna anayepaswa kuuzoea.

Mleta mada
Dada, hapo nakuunga mkono kabisa. Mwenye mamlaka ndiye wa kujirekebisha kwanza, maana mdogo akinyamaza huwa anaogopa kupoteza kazi.

Fundi mashine, Industrial Area
Karakana yetu ina mwenzetu kiziwi, hodari sana kwenye mashine ya kukata. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, lakini kiwandani ishara tulifunzwa na yeye mwenyewe saa ya chakula. Tuligundua kumpigia kelele hakusaidii. Unasimama anapokuona, mwanga ukiwa usoni mwako, unaongea kwa mwendo wako wa kawaida bila kufunika mdomo. Ukimtaka, mguse bega taratibu, ila kamwe usimshtue akiwa kwenye mashine.

Mikutano ndiyo ilikuwa ngumu, watu wakiongea kwa pamoja. Tukaweka kanuni: unainua mkono, anaongea mmoja. Ajabu ni kwamba wanawake wawili wa upakiaji, ambao hatukuwahi kuwasikia mkutanoni, wakaanza kuchangia, na mmoja wao ndiye aliyeonyesha kwa nini maboksi yalikuwa yakirudishwa.

Mwakilishi wa wafanyakazi
Niongezee la sheria, kwa sababu wengi hawalijui. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inasema mwajiri anayefikiria kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kimwili lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake, au mwakilishi wa chama pale kazini, wakati wa maelezo hayo.

Mama mmoja wa usafi aliitwa na kusomewa makosa yake kwa Kiingereza kizito. Akawa anaitikia "yes" kwa heshima, nao wakaandika kwamba amekubali. Nikaomba waanze upya kwa Kiswahili. Alipoulizwa siku alizokosa kazini alikuwa wapi, akafungua mkoba, akatoa karatasi ya kliniki. Alikuwa akitembea nayo muda wote huo.

Mleta mada
Alirudishwa kazini?

Mwakilishi wa wafanyakazi
Alirudi. Ila barua za onyo bado zinatoka kwa Kiingereza pekee, na hilo ndilo tunalovutana na uongozi sasa. Kama kuna kazi ambako barua hizo hutolewa kwa Kiswahili, naombeni mnieleze mlilipitishaje.