Mgombea kaahidi bima ya afya kwa wote, niache kulipia hii yangu?

Mtu_Kimya: Wakuu habarini. Kuna mgombea urais anasema akipita kila mtu atatibiwa kwa bima ya serikali, na kampuni za bima hazitaruhusiwa kumkataa mtu eti aliugua kabla ya kujiunga. Sasa mimi bima binafsi inaninyonya kila mwezi. Niisitishe nisubiri hiyo mpya? Matusi hapana.

BibiMsomaji: Kura ni siri yako mwanangu.

FundiSaa: Mkuu ahadi sio sheria. Obama alishinda Novemba 2008, sheria akasaini Machi 2010, kile kipengele cha kutokataa watu wazima wenye magonjwa kikaanza 2014. Na huyo alikuwa na wabunge wengi upande wake. Hapo katikati utaugulia wapi?

MzeeWaKona: Shemeji yangu aligombea akaahidi zahanati, mpaka leo anadaiwa hela ya tisheti 😂

NesiMstaafu: Mleta uzi, hiyo bima inamtibu nani? Mzima hahangaiki hivi.

Mtu_Kimya: Mama. Anasafishwa figo. Lakini jamaa kasema ndani ya siku 100 za kwanza, tena mpango wake nimeusoma wote, na barua ya kusitisha nishaandika.

NesiMstaafu: Umeiandika au umeipeleka?

Mtu_Kimya: Nimeipeleka, ila inaanza kufanya kazi mwisho wa mwezi.

NesiMstaafu: Kesho asubuhi kaiondoe kwa maandishi, wakugongee muhuri kwenye nakala yako. Ukitoka ukarudi unahesabiwa mteja mpya, wanaweza kukuwekea kipindi cha kusubiri, na kusafisha figo hakusubiri mtu aapishwe.

HesabuKali: Mnaoshangilia, ukiilazimisha kampuni ipokee kila mgonjwa halafu wazima wajiunge kwa hiari, wazima watangoja mpaka waugue na michango inapaa. Ndio maana Marekani waliweka faini kwa asiye na bima, na Obama huyohuyo kwenye kampeni alimpinga Hillary Clinton aliyetaka watu walazimishwe. Mgombea wenu kasemaje hapo?

Mchunguzi: Chai hii. Kwenye uzi wa urithi ulisema mama yako alishatangulia. Wewe ni wa kampeni, unapima upepo.

Mtu_Kimya: Ni mama mkwe. Kwani mama wa mke si mama?

MzeeWaKona: Aaah kumbeee 😂😂

NesiMstaafu: Mkeo anajua kuhusu hiyo barua?

FundiSaa: Mkuu unaulizwa.

Mtu_Kimya: Modereta naomba ufunge uzi.