Tumelipia kozi ya Kigiriki, halafu kitenzi hallomai tunaambiwa "kariri"?? Hapana jamani

Wakuu leo naomba niseme maana nimekereka mno. Kuna kozi ya mtandaoni ya Kigiriki cha Agano Jipya, jina silitaji, tumelipa hela, tunatumiwa PDF kwenye grupu, sasa fika kwenye hallomai: "kuruka. Hakina kanuni, kariri." Imeisha hiyo! Halafu mtihani unaletwa na Matendo 14:10, yule kiwete wa Listra, pale neno ni helato, watu wamefeli, tukiuliza tunaambiwa mlitakiwa mjue.

Tujue kutoka wapi? Kanuni ipo na wala sio ngumu. Shina ni hal-, lambda (herufi l ya Kigiriki) moja. Ile lambda ya pili iko wakati wa sasa na imperfekti (uliopita wa tendo lililokuwa likiendelea) tu, kwa sababu zamani kulikuwa na sauti ya y hapo ikamezwa na lambda. Ukitoka hapo inabaki moja: haloumai, nitaruka, helato, aliruka, na hiyo e ni ndefu, ni ile a ya mwanzo imerefushwa kuonyesha wakati uliopita. Sigma, ile s ya wakati ujao na uliopita, usiitafute, vitenzi vya lambda huwa vinaitupa, mcheki angello (kutangaza) naye wakati ujao ni angelo. Dakika tano mwalimu kamaliza, sasa kukariri kunatoka wapi?

Na alama ya pumzi, ile inayoonyesha h ya mwanzo, wameiacha, wameandika "allomai", matokeo yake mtu anachanganya na allos, mwingine.

Ila kilichonitoa machozi ni mfano waliouweka: Luka 1:41, mtoto kuruka tumboni mwa Elisabeti. Jamani pale ni eskirtesen!! Kitenzi ni skirtao, kingine kabisa, hicho ni kurukaruka kama ndama mwenye furaha. Mtu anauza notsi na hajafungua hata andiko lenyewe?

Na mifano mizuri ipo imejaa. Yohana 4:14, maji yale Yesu aliyomwahidi mwanamke pale kisimani Samaria yana hallomai, ndiyo ile "yakibubujikia uzima wa milele" ya Biblia ya Union, maji hayana miguu lakini yanaruka juu. Isaya 35:6 kwenye Septuaginta, yaani Agano la Kale la Kigiriki, kilema ataruka kama kulungu, haleitai, na ukisoma Matendo 3:8 yule wa mlango Mzuri anaingia hekaluni akiruka, kitenzi kilekile, unaelewa kabisa Luka, mwandishi wa Matendo, anakurudisha kwa Isaya. Hii mnatunyima kwa nini? Hata kwa Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, shujaa akiruka chini na silaha zake kutoka kwenye gari la farasi ni alto, h haipo, umbo la kale. Na kule Olimpia mchezo wa kuruka mbali ukaitwa halma, wanaruka wameshika vizito mikononi, halteres.

Wenye kozi najua mmo humu. Futeni huo mfano wa Luka, wekeni maumbo yote, na lile swali la helato lisahihishwe upya, hatukufundishwa.