Premio ya milioni 5.8 inayotoa moshi asubuhi, au IST ya milioni 8.5 iliyo nzima?

MwalimuBigwa
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaomba ushauri wenu kabla ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo nimeahidi kumpa mwenye gari jibu. Nachagua kati ya magari mawili. La kwanza ni Toyota Premio ya mwaka 2003, namba C (usajili uliotangulia ule wa D), linalouzwa shilingi milioni 5.8, na mwenyewe amenieleza waziwazi kwamba asubuhi linatoa moshi kidogo ila sevisi ndogo italimaliza tatizo hilo. La pili ni Toyota IST, namba D, linauzwa milioni 8.5 na mwenye nalo anasema halina tatizo lolote. Moyo wangu uko kwenye Premio kwa sababu ya nafasi na ukubwa wa buti, na tofauti ya milioni 2.7 kwangu ni fedha nyingi. Ninunue lipi?

FundiMstaafu
Ndugu mwalimu, kwa maelezo hayo hakuna fundi mwaminifu atakayekujibu. Moshi huo ni wa rangi gani? Wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, na mweupe usiokata hata injini ikishapata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda, na kila mmoja una gharama yake. Je, unatoka mara moja gari linapowashwa kisha unakata, au unarudi unapokanyaga mafuta hata injini ikishapata moto? Ukitoka mara moja na kukata, mara nyingi ni sili za valvu, vile vijipira vinavyozuia oili kupenya kwenye silinda, zilizokakamaa, na kazi hiyo inavumilika. Ukirudi kila unapokanyaga, anza kufikiria ringi za pistoni, yaani vyuma vya mviringo vinavyoziba nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda.

Vilevile hukutaja injini. Premio ya miaka hiyo ilitoka na injini za aina tatu, nawe utaitambua kwa herufi za mwanzo za namba ya chesisi: NZT240 ni 1NZ ya cc 1500, ZZT240 ni 1ZZ ya cc 1800, na AZT240 ni 1AZ ya D4 (inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda) yenye cc 2000. Hayo ni magari matatu tofauti ndani ya bodi moja.

MamaKihesa
Nami naongeza maswali mawili. Gari hilo utalitumia kwa safari gani, na ukishalilipia utabaki na shilingi ngapi mkononi? Swali la pili ndilo kubwa kuliko la kwanza.

MwalimuBigwa
Asanteni, na mniwie radhi kwa kuyaacha hayo. Ninaishi Bigwa, hapa Morogoro, nafundisha Mikese, kwa hiyo nitakwenda na kurudi kila siku ya kazi. Mara moja kwa mwezi nampeleka mama yangu kliniki hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, na miguu yake haimruhusu tena kupanda na kushuka kwenye basi. Nina milioni 7 taslimu. Nikichagua IST itanibidi nikope milioni 1.5 kwenye SACCOS yetu. Kadi ya Premio inaonyesha ZZT240. Kuhusu rangi ya moshi, sikuuona, kwa sababu gari nililikuta Kimara, hukohuko Dar, saa nane mchana likiwa limeshawashwa na injini ina moto.

FundiMstaafu
Hapo ndipo penye shaka yangu. Gari linalouzwa kwa kasoro ya asubuhi hutazamwa asubuhi. Mwambie mwenyewe asiliguse mpaka ufike, kisha fungua boneti uweke kiganja juu ya injini. Ukikuta ina joto, rudi siku nyingine.

Kuhusu 1ZZ, nasema niliyoyaona kwa miaka mingi ya kuzifungua. Zile zilizotengenezwa kabla ya 2005 hivi zina tabia inayojulikana ya kula oili, kwa sababu vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni ni vichache, masizi huviziba, ringi zinagandamana na oili inabaki kwenye ukuta wa silinda ikiungua. Mtu anaweza kuendesha nusu mwaka bila kuchomoa kijiti cha kupimia oili, na siku anapokumbuka kukichomoa kinatoka kikavu, injini imeshaanza kugonga. Tena bloku yake ni ya alumini yenye mirija myembamba ya chuma ndani ya silinda, kwa hiyo silinda zikishalika huwezi kuzichonga na kuweka pistoni za saizi kubwa kama tulivyozoea kwenye injini za zamani.

Nenda na fundi mwenye kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Apime silinda zote nne, kisha amimine oili kidogo kwenye tundu la plagi la silinda iliyo dhaifu na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi zimekwisha. Kisipopanda, tafuta tatizo kwenye valvu au gasketi inayoziba kati ya bloku na silinda hedi.

ChumaChaMjapani
Kwa heshima zote, mzee wangu, naona tunamtisha mwalimu bila sababu. Nina ZZT240 mwaka wa sita sasa. Nililinunua likitoa moshi wa bluu, nikaenda Shauri Moyo pale Ilala, nikanunua injini ya mtumba na kuifunga, yote kwa milioni 1.7, na tangu hapo sijalala njiani hata mara moja. Akinunua kwa 5.8 na kuongeza hiyo 1.7, anakuwa na gari pana lenye injini nyingine kwa milioni 7.5, na bado ni chini ya bei ya IST. Hata kabla ya kubadilisha injini, akiweka oili nzito ya 20W-50 moshi utapungua sana.

FundiMstaafu
Mdogo wangu, hilo la 20W-50 siwezi kulinyamazia, kwa sababu ndilo linalotumiwa na wauzaji kuficha ugonjwa huu. Injini ile imetengenezwa kwa oili nyepesi kama 5W-30. Ukiiwekea nzito, asubuhi oili inachelewa kufika juu kwenye kemushafti, yaani mhimili unaofungua valvu, cheni inayouzungusha inapiga kelele kwa sekunde kadhaa, na ringi zilizogandamana zinabaki vilevile. Mwalimu akichomoa kijiti na kuona oili inashuka taratibu kama asali huku ni mpya na safi kabisa, ajiulize ni kwa nini gari linalosubiri "sevisi ndogo" limebadilishwa oili juzi.

ChumaChaMjapani
Nakubali kwamba si tiba. Nilikusudia kipindi cha mpito tu, wakati anatafuta injini.

MamaKihesa
Ngoja niwasimulie yaliyonikuta, kwa maana nami niliambiwa sevisi ndogo. Mwaka 2019 nilinunua Noah kupitia dalali Dar es Salaam kwa milioni 6.5. Tulilijaribu mitaani kwa robo saa, mshale wa joto haukusogea, nikafurahi. Kesho yake nikaondoka kwenda Iringa na wanangu wawili pamoja na mizigo. Mpaka Mikumi gari lilikuwa tulivu. Tulipoanza kupanda Kitonga, kwenye kona ya tatu au ya nne, mshale ulipanda mpaka juu, harufu tamu ya kulanti (maji ya kupozea injini) ikaingia ndani, na mvuke ukafunika kioo. Nilisimama nyuma ya lori lililoharibika. Dereva wake alinizuia nisifungue rejeta, na namshukuru mpaka leo kwa sababu mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kifuniko. Tulingoja karibu saa nzima, tukamimina maji yote tuliyokuwa nayo pamoja na chupa ya mwisho ya mwanangu mdogo, na baada ya mita mia chache likachemsha tena. Tukavutwa mpaka Ilula.

Fundi wa pale alipofungua kifuniko cha oili, upande wa ndani ulikuwa na utelezi wa rangi ya chai ya maziwa. Maji na oili vilikuwa vimeshachanganyika. Kisha akanionyesha mahali pa thamostati, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto: palikuwa patupu. Ilikuwa imetolewa makusudi ili maji yazunguke muda wote na mshale usipande katika safari fupi za mjini, ilhali rejeta ilikuwa imeziba na gasketi ya silinda hedi imeungua. Hedi yenyewe ilikuwa imepinda. Nilitumia milioni 2.3, gari likakaa gereji miezi miwili, na dalali hakupokea simu yangu tena. Ndiyo maana niliuliza utabaki na shilingi ngapi. Mwalimu atabaki na milioni 1.2, na abiria wake ni mama mgonjwa.

AbiriaWaReli
Poleni sana, dada. Mimi ningependa kuuliza kama gari linahitajika kweli kwa safari ya Muhimbili. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, Morogoro hadi Dar es Salaam ni chini ya saa mbili, na nauli ya kawaida ilianza kwa shilingi 13,000. Mzazi anakaa kwenye kiti kizuri, na kutoka stesheni mpaka Upanga, iliko Muhimbili, ni mwendo mfupi wa teksi.

MamaKihesa
Wazo zuri, lakini mwalimu amesema miguu ya mama haimruhusu kupanda na kushuka. Ukihesabu teksi ya kwenda stesheni, treni na teksi ya Dar, ni kupanda mara tatu kwenda na mara tatu kurudi.

AbiriaWaReli
Teksi inasimama mlangoni, dada, na ngazi za mabasi yetu hazifanani na mlango wa behewa. Mama yangu ana umri wa miaka 78 na amesafiri hivyo mara mbili. Gari la Mikese linaweza kuwa dogo na la bei nafuu ikiwa halitabeba mgonjwa kwenda Dar.

ChumaChaMjapani
Basi hapo hata IST ya cc 1300 inatosha. Mwalimu, chesisi yake ni NCP60 au NCP61? Na hilo nalo lipimwe kompresheni. Kauli ya muuzaji kwamba halina tatizo bado ni kauli ya muuzaji.

MwalimuBigwa
Ni NCP60. Suala la treni nitalizungumza na mama mwenyewe leo usiku, kwa kweli sikuwa nimelifikiria. Nimempigia mwenye Premio na kumwomba Jumamosi nilikute halijawashwa. Amesema atakuwa na safari asubuhi, nije saa sita, ila amenitumia video ya gari likiwaka bila moshi. Pia ameshusha bei hadi milioni 5.2.

FundiMstaafu
Video inaanza kabla ufunguo haujazungushwa, au inaanza injini ikiwa tayari inaunguruma?

MwalimuBigwa
Inaanza ikiwa inaunguruma.

MamaKihesa
Na jina lililo kwenye kadi ni lake, mwalimu, au ni la mtu mwingine? Linganisha pia namba ya injini iliyoandikwa kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye bloku.