Mjadala: Wanafunzi wa elimu maalumu wafundishwe kuchambua habari za mitandaoni au stadi za maisha zinatosha?

Wadau habari zenu. Kuna hoja naikuta kila tukigusa hili suala, kwamba watoto wa vitengo vya elimu maalumu, hasa wenye ulemavu wa akili, wakitoka shule wanajua kufua, kupika na kutunza hela ya nauli inatosha, mambo ya kuchambua habari za WhatsApp na Instagram ni kuwachanganya tu.

Mimi sikubali kabisa. Simu hawa watoto wanashika, kama si zao ni za kaka zao, TikTok wanashinda humo. Kiziwi ndo usiseme, redio haimhusu, taarifa ya habari ikikosa mkalimani wa lugha ya alama anabaki na picha na maneno mawili matatu juu yake, kwahiyo aliyechagua picha ndo kamchagulia na cha kuamini. Halafu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 16, inamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo, sasa huyu wa kwetu akishikwa nani atamsaidia kueleza alijua nini na hakujua nini?

Na wala haihitaji nadharia. Chukua machinga walivyoondolewa barabarani 2021. Weka mezani picha mbili, moja barabara nyeupe magari yanapita, nyingine mama kakaa juu ya mbao za kibanda kilichovunjwa. Muulize kwa alama au aonyeshe kwa kidole tu, nani hayupo kwenye hii ya kwanza? Akishamwonyesha yule mama, mwambie aliyeposti ya kwanza kamwacha nje. Walimu waliosomea Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu kule Arusha, kuvunja somo vipande vidogo vidogo ndo kazi yao, waitumie na huku.

Wanaoogopa mwalimu ataingiza siasa zake wana hoja, chama chake anacho moyoni, ila asifundishe jibu, afundishe kuuliza: nani kaposti, anataka nifanye nini, nani hajapewa nafasi ya kuongea. Na wazazi waitwe pia, magrupu ya ukoo ndo yanaongoza kwa kusambaza.

Sasa mnaofundisha wasioona nisaidieni, huko picha hamna, kinachozunguka ni sauti ya mtu analia au anapayuka na mtoto anaibeba kama ilivyo, nyie mnaanzia wapi?