Grili ya kromu ya Chevrolet 3100 ya 1951 imepinda: niinyooshe, niichovye upya au ninunue nyingine?

Pikapu_Ohio

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wenye uzoefu. Nina Chevrolet 3100 ya mwaka 1951, ile pikapu yenye boneti la mviringo na grili ya baa tano za kulala, ninayoiendesha hapa Ohio katika miezi ambayo barabara hazina chumvi ya kuyeyushia barafu. Hivi karibuni tela la jirani lilirudi nyuma na kuigonga upande wa kushoto. Baa tatu za chini zimepinda, mojawapo imepasuka kwenye tundu la bolti, na kromu imebanduka katika sehemu zote zilizokunjika. Hata kabla ya kugongwa, baa ya chini kabisa ilikuwa na vidoa vya kutu ambavyo nilivisugua kila mwaka na kila mwaka vikarudi.

Karakana ya kuchovya kromu niliyoiendea imenitajia bei inayozidi ile ya grili nzima mpya ya kuigiza (iliyotengenezwa kwa kuiga ya kiwandani), tena fundi amesema hatazigusa baa hizo kabla sijakubali kulipia kwanza kazi ya kunyoosha na kusugua. Kwa upande mwingine, wenye magari kama haya wananiambia kwamba grili za kuigiza ni za bati jembamba na matundu yake hayalingani na yale ya kiwandani. Je, baa zilizopinda zinaweza kunyooshwa bila kuharibu kromu iliyobaki? Na kama haziwezi, ni busara kuziokoa au kununua nyingine? Kuna mtu anauza grili ya mwaka 1954 kwa bei nafuu karibu nami. Ningependa pia kujua kama itaingia.

Fundi_Nikeli (Dar es Salaam)

Kaka, pole kwa hasara. Nilifanya kazi ya kuchovya nikeli na kromu hapa mtaa wa Gerezani hadi nilipostaafu, zaidi kwenye bampa za malori, na grili za Kimarekani zilikuwa chache. Lakini chuma ni chuma.

Swali lako la kwanza lina jibu fupi: haiwezekani. Kromu ni ngumu sana lakini hainyumbuki, kwa hiyo chuma kinapopinda yenyewe hupasuka, na ukikinyoosha unaipasua mara ya pili. Inafaa ujue pia kwamba sehemu kubwa ya mng'ao unaoupenda ni wa nikeli. Juu ya chuma hutangulia shaba, au nikeli moja kwa moja, na tabaka la nikeli huwa na unene wa mikroni 10 hadi 40 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali kromu inayowekwa juu yake kwa kawaida haifiki hata mikroni moja. Kazi ya kromu ni kuizuia nikeli isififie na isichubuke, na kuipa ule weupe wenye ubluu kwa mbali. Anayekilinda chuma dhidi ya kutu ni nikeli, na nikeli ikiwa nyembamba au ikiwa na vitundu, maji ya chumvi hupenya hadi kwenye chuma na kutu huanzia huko chini. Ndiyo maana vidoa vyako vinarudi: unasugua kilichotokeza juu, na chanzo kinabaki mahali pake.

Kuhusu bei, usimlaumu fundi kabla hujajua anachokiuza. Umeme na dawa ni sehemu ndogo ya gharama; unachokilipia hasa ni mikono. Kromu na nikeli za zamani lazima zitolewe zote, mara nyingi kwa kugeuza mkondo wa umeme ndani ya beseni la dawa, ndipo baa inyooshwe. Ufa unatobolewa tundu dogo mwishoni ili usiendelee kukimbia, kisha unachomelewa kwa upande wa nyuma na kusagwa. Baada ya hapo baa husuguliwa kwa msasa wa hatua kwa hatua hadi ing'ae kabla haijaona dawa yoyote, kwa sababu nikeli haifichi kasoro. Mkwaruzo usioonekana kwenye chuma kitupu utauona waziwazi ukishachovya. Mashimo ya kutu hujazwa kwa shaba nene inayochovywa, ikasuguliwa, ikachovywa tena, au hujazwa kwa kulehemu. Puti ya mafundi bodi haifai hapa, maana haipitishi umeme na nikeli haitashika juu yake. Baa ndefu iliyojipinda kama hizo zako humla fundi muda mwingi kuliko bampa iliyo bapa.

Kabla ya kuamua lolote, pitisha sumaku kwenye kila baa na kwenye kila kipande cha pembeni. Sumaku ikishika, ni chuma. Isiposhika na kipande ni kizito, yaelekea ni zinki ya kumiminwa kwenye kalibu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 400 hivi au chini kidogo, na fundi akiikaribia na gesi kama anavyozoea kwenye chuma ataiona ikidondoka chini. Isiposhika na kipande ni chepesi, ni aluminiamu au plastiki. Na mtu asikushauri kuzitumbukiza baa kwenye asidi ya hidrokloriki nyumbani: inakula kromu, mvuke wake unaoza kila chombo cha chuma kilicho karibu, na mapafu yako pia hayatapona.

Binti_wa_Karakana (Seattle)

Shikamoo Mzee Fundi_Nikeli. Kaka Pikapu_Ohio, ninakarabati pikapu za Kimarekani za miaka ya 1940 na 1950, na swali ambalo hukuliuliza ndilo ningelitanguliza mimi: je, gari lako lilitoka kiwandani likiwa na kromu?

Kwenye pikapu za Chevrolet za kizazi hicho, kilichoanza mwaka 1947, grili ya kawaida ilikuwa ya kupakwa rangi, na kromu ilikuwa ya mnunuzi aliyekubali kuongeza fedha. Halafu Vita vya Korea vilianza Juni 1950, nikeli ikaelekezwa kwenye mahitaji ya jeshi, na kati ya 1951 na 1953 mapambo ya kromu kwenye pikapu yalipungua sana, hata bampa na vifuniko vya magurudumu vikawa vinatoka kiwandani na rangi tu. Gari lako ni la mwaka huo huo wa mpito. Hakikisha kwanza mwaka wenyewe, maana hati za umiliki za magari ya kazi hazikuandikwa kwa uangalifu: kama milango ina vioo vidogo vya pembe tatu vya kupitisha hewa na vishikio vya kuzungusha, ni 1951, vishikio vya kubonyeza vilikuja 1952. Angalia pia bamba la namba lililo kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Nayasema haya kwa sababu watu wengi wanatumia fedha nyingi kurudisha kromu ambayo gari lao halikuwahi kuwa nayo. Macho yetu yamezoezwa na maonyesho ya magari, ambako kila kinachoweza kung'arishwa kimeng'arishwa. Grili iliyopakwa rangi kwenye 3100 ya 1951 ni sahihi kihistoria, inavumilia chumvi ya Ohio kwa namna ambayo unaweza kuirekebisha mwenyewe, na kwangu mimi inapendeza kuliko kromu ya bei rahisi inayoanza kutoa vidoa baada ya majira mawili ya mvua.

Ukitaka kromu kwa vyovyote, zichovye baa zote tano pamoja. Karakana nyingi huku zinahamia kwenye dawa ya kromu ya aina iitwayo trivalenti, kwa kuwa ile ya zamani iitwayo heksavalenti husababisha saratani kwa wanaoivuta kazini, na California imeamua kuiondoa katika uchovyaji wa mapambo kuanzia 2027. Rangi za hizo mbili zinakaribiana lakini hazifanani, na baa tatu mpya chini ya mbili za zamani zitaonekana kila jua litakapozipiga.

Grili ya 1954 iache hapo ilipo. Ile ina baa moja nene ya kulala katikati na umbo lake ni jingine kabisa. Ilitumika hadi mwanzoni mwa 1955 tu na haitakaa kwenye mabano yako bila kubadilisha mambo mengi. Baa za kuanzia 1947 hadi 1953, kwa upande wa pili, zinaingiliana, na zinatoka pia kwenye 3600 na 3800, ndugu wakubwa wa 3100 yako, kwa hiyo yadi za vyuma chakavu mashambani zinakupa nafasi pana zaidi kuliko unavyodhani.

Fundi_Nikeli (Dar es Salaam)

Marahaba, mwanangu. Hoja ya rangi naikubali, ila niongeze tahadhari moja kabla kaka hajakimbilia kopo. Rangi haishiki juu ya kromu inayong'aa. Hata ukiikwaruza kwa msasa itashika vibaya, na itabanduka kwanza pale kromu ilipokwisha kuinuka. Ama ukatoe kromu yote kwa mtu mwenye beseni, ama utafute baa ambazo hazikuwahi kuchovywa. Na kama utasaga kromu kwa mashine, vaa barakoa nzuri na usifagie vumbi lake likiwa kavu.

Mkulima_Nakuru

Samahani kwa kuingilia. Pikapu yangu ya Kijapani ni ya miaka ya 1980 na grili yake imebanduka kromu vivyo hivyo, lakini ni ya plastiki. Je, fundi wa nikeli anaweza kuichovya?

Fundi_Nikeli (Dar es Salaam)

Fundi wa kawaida hawezi, ndugu yangu. Plastiki haipitishi umeme, na viwandani huandaliwa kwa dawa maalumu kabla ya kupata nikeli. Kwa gari la umri huo, grili nyingine iliyotumika itakugharimu kidogo kuliko kumtafuta anayeifanya kazi hiyo.

Pikapu_Ohio

Nawashukuru sana, hasa kwa ushauri wa sumaku, kwa sababu ulinifanya nifungue grili nzima na kuitazama kwa nyuma. Sumaku imeshika kwenye baa zote, lakini nilipozipima kwa kalipa nimegundua kwamba mbili za juu ni za bati nene kuliko tatu za chini, na matundu ya hizo tatu yamepanuliwa kwa tupa ili yakutane na mabano. Yaani mmiliki aliyenitangulia alikwisha kubadilisha tatu za chini kwa baa za kuigiza, na mojawapo ndiyo iliyokuwa ikiota kutu, na zote tatu ndizo zilizopinda. Vioo vya pembe tatu vipo na vishikio ni vya kuzungusha, kwa hiyo mwaka 1951 ni sahihi.

Nimeamua kutozinyoosha. Nimempata mwenye yadi ambaye ana 3600 ya 1949 yenye baa za rangi zilizonyooka, na atanipa tatu. Zile mbili za juu nitazipeleka zikatolewe kromu, kisha zote tano zipakwe rangi ya kijani ya kabini. Kuna jambo gani la kuangalia wakati wa kuzirudisha?

Binti_wa_Karakana (Seattle)

Umeamua vizuri, na tatu za chini usizitupe. Zitakufaa kujaribia rangi. Kabla ya kufunga chochote, chunguza kilichokuwa nyuma ya grili. Pigo lililoipinda baa hadi ikapasuka linaweza kuwa limesukuma fremu inayoshikilia rejeta, kwa hiyo pima umbali kati ya rejeta na feni upande wa kushoto na wa kulia, na angalia kama lachi ya boneti bado inaingia katikati ya tundu lake. Fremu ikiwa imehama hata kidogo, baa zilizonyooka kabisa zitaonekana zimepinda, na utamlaumu mwenye yadi bure.

Rangi ianzie nyuma ya baa, ambako maji ya barabarani hukaa. Weka praima (rangi ya msingi) ya epoksi pande zote mbili, na ndani ya mikunjo uipake kwa brashi, kwa sababu bunduki ya rangi haifiki vizuri huko. Baada ya rangi kukauka, pitisha nta ya kuzuia kutu ndani ya mikunjo hiyo. Bolti za zamani zikikataa kufunguka usizilazimishe. Tumia mafuta ya kulegeza kutu na uziache zilale nayo usiku kucha. Nyaya za taa ndogo zilizo kwenye grili zipitishe kabla ya baa, maana baadaye mkono hautaingia.

Wakati wa kufunga, weka bolti zote kwa vidole tu, kuanzia baa ya juu, kisha fungia boneti na usimame mbele ya gari kwa umbali wa hatua kadhaa. Nafasi kati ya baa ziwe sawa kwa macho, na ncha za kushoto na kulia zikae kwa kina kimoja ndani ya mabawa ya mbele. Ukisharidhika ndipo ukaze, ukianzia katikati kwenda nje, robo mzunguko kwa kila bolti, na bampa liwe la mwisho kurudi.