Mjadala: Kamera zihesabu foleni ya OPD (idara ya wagonjwa wa nje) na kupanga miadi, ndiyo au hapana?

Mtoa hoja: Wakuu, hospitali za rufaa za mikoa zifunge kamera za kuhesabu watu OPD, na hesabu hizo ndizo zipange miadi. Leo kadi nyingi za kliniki zimeandikwa "saa 2 asubuhi". Daktari akitumia dakika 10 kwa kila mgonjwa, wa 24 anaingia karibu saa 6 mchana. Kamera ikitundikwa mita 3 juu ya mlango, ikitazama chini wima, inaona vichwa na mabega, haioni sura. Kompyuta ndogo iliyo hapohapo inahesabu, inafuta picha, inatuma namba tu. Picha 5 kwa sekunde zinatosha.

Fundi Mifumo: Namba hiyo utaifanyia nini, mkuu? Kanuni ya Little ya 1961 inasema muda wa kungoja ni waliomo ugawe kwa kasi ya wanaoingia. Wakiwa ndani 60 na wanaingia 30 kwa saa, ni saa 2. Ila inataka foleni iliyotulia. Saa 12 hadi saa 3 asubuhi watu wanamiminika na anayetoka hakuna. Ukigawa wakati huo umejidanganya. Chukua wastani wa siku nzima.

Sista wa OPD: Na wasindikizaji je? Mgonjwa mmoja anakuja na ndugu wawili. Mama na mtoto wa mgongoni kwenye kanga, kamera ya juu inaweza kuwaona mtu mmoja, na kliniki ya watoto mgonjwa ndiye huyo wa mgongoni.

Fundi Mifumo: Sista, wasindikizaji hawaharibu sana, almuradi waliomo na wanaoingia wahesabiwe na kamera ileile. Ndugu akikaa muda uleule wa mgonjwa, namba zote mbili zinapanda kwa uwiano uleule na jibu linabaki palepale. Kosa ni kuchukua waliomo kwenye kamera na wanaoingia masjala. Kwa ndugu wawili kila mgonjwa, muda unakuja mara 3 ya ukweli. Kinachosumbua zaidi ni aliyetumwa maabara: anatoka, anarudi, anahesabiwa mgeni. Tena makosa ya mlangoni hulimbikizana. Ikikosa kuwaona 2 katika kila 100 wanaotoka, siku ya watu 600 jioni itakuonyesha watu 12 kwenye korido tupu. Lazima irudishwe sifuri kila usiku.

Mwanasheria: Kuhesabu sina ugomvi nako. Naogopa siku muuzaji atakaposema "sasa tuongeze utambuzi wa sura, masjala iishe foleni". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za kibayometria, yaani za maumbile ya mwili kama sura, kwenye kundi la taarifa nyeti. Na mtu anayeingia CTC, kliniki ya wenye VVU, kuchukua dawa za ARV, mlango wenyewe umeshasema anachofuata. Isitoshe, utafiti wa Buolamwini na Gebru wa 2018 ulionyesha programu za kuchambua sura zikikosea hadi 34.7% kwa wanawake weusi.

Fundi Mifumo: Huo ulipima kubashiri jinsia, haukupima kumtambua mtu. Wenye uzito hapa ni wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, 2019: programu nyingi zilifananisha kimakosa watu tofauti, na sura za Afrika Mashariki na Magharibi zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Kule masjala, hiyo maana yake ni kufungua faili la mwingine, pamoja na mzio wake na dawa zake. Kwa hiyo nakuunga mkono, ila kwa ushahidi mwingine.

Mtoa hoja: Sawa, sura ziondoke. Mbadala ni nini, muda ulioko kwenye mfumo wa hospitali?

Mtakwimu: Huo mara nyingi ni muda wa kuingiza data. Mtandao ukikatika asubuhi, karatasi zinaingizwa alasiri, na wagonjwa 40 wanaonekana wametibiwa ndani ya robo saa. Ndiyo maana kamera naikubali kama kipimo: wiki 2 kabla ya kubadili ratiba, wiki 2 baada, kisha ishushwe. Ratiba yenyewe haiihitaji. Mtakwimu Bailey alipendekeza mwaka 1952: ita wawili mwanzoni, kisha mmoja mmoja kila baada ya wastani wa muda wa daktari. Saa ya ukutani inatosha. Na jamani, SMS isiandike "08:00" bila maelezo. Wapo watakaofika saa 8 mchana.

Sista wa OPD: Anayetoka wilayani kwa basi la alfajiri, hata umwandikie saa 5 atafika saa 1. Wa mbali wapewe saa 2 hadi saa 4, wa mjini wafuate. Hilo kamera haiwezi kuliona. Liko kwenye faili, palipoandikwa kata.

Mtoa hoja: Ikijulikana hivyo, wa mjini nao wataandika kijiji.

Sista wa OPD: Watakuwepo. Ila anayeandika tarehe ya kurudi ana barua ya rufaa mkononi, na ina mhuri wa kituo ilikotoka. Asome mhuri.